Kufua na Kufulishwa

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Mtu asiniambie niombe ipoe, maana nimeshaomba na bado inachemka. Nitasimulia hivyo hivyo, na hasira zangu.

Tulikuwa wanane. Kanisa letu lilitutuma wiki tatu kwenye mji mdogo, mwendo wa siku nzima kwa gari, tukapake rangi zahanati, tufundishe kina mama kushona na kuhubiri nyumba kwa nyumba. Kiongozi alikuwa Mwinjilisti, mtu wa sauti nzito na mashati meupe, na mkewe alikuwa naye. Alikuwepo nesi, fundi rangi, dereva, na mwalimu mstaafu ambaye wote tulimwita Mkuu kwa vile aliwahi kuongoza shule. Mimi ni fundi cherehani. Wa nane alikuwa wifi yangu, mdogo wa mume wangu.

Wifi yangu ni dobi. Ana kibanda chake, ndoo zake, pasi yake ya mkaa, na vidole vilivyokunjamana kwa maji ya miaka kumi na minane. Mtaani wanamwita Povu. Lakini safari ile hakuja kufua. Kamati ya kanisa ilipomuuliza atafanya nini huko, alijibu maneno mawili tu: "Nitatembelea wagonjwa." Na kweli amejaliwa hilo. Akikaa na mgonjwa, mgonjwa anapumua. Haongei sana, wala haombi haraka haraka kama mtu anayewahi gari. Kamati ikaandika mbele ya jina lake: wagonjwa. Niliiona karatasi hiyo kwa macho yangu.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa duka la zamani nyuma ya kanisa. Vyumba vitatu, choo kimoja, bomba moja uani. Wanaume walilala palipokuwa dukani, wakapanga nguo zao kwenye rafu za bidhaa, hata Mkuu akawa anatania kwamba yeye bei yake imeshuka. Sisi wanawake watatu tulipewa chumba cha kati. Mwinjilisti na mkewe walichukua cha nyuma, chenye feni.

Siku ya kwanza Mwinjilisti alibandika ukutani karatasi ya zamu: kupika, kuosha vyombo, kuteka maji, kusafisha choo. "Tutaishi kama kanisa la kwanza," alisema. "Vitu vyote shirika, hakuna changu wala chako." Nililipenda neno lile. Nikasogea kusoma majina. Yalikuwa sita. Mkuu naye alihesabu, akauliza kwa adabu kama kuna majina yamesahaulika.

"Mimi nina mzigo wa neno," Mwinjilisti akajibu. "Na mama ana mzigo wa kuniombea."

Nilijiambia, kiongozi ni kiongozi.

Mambo ya nguo yalianza na shati moja. Mama Mwinjilisti alimfuata wifi bombani, akamwambia kwa sauti ya sukari, "Mdogo wangu, wewe mwenzetu una mkono. Baba ana mahubiri jioni. Hili moja tu." Wifi akalifua, akalipiga pasi, likang'aa kama jino. Kesho yake yakaja matatu, na suruali ya Mkuu. Keshokutwa dereva akaleta soksi ambazo, haki ya Mungu, zingeweza kusimama zenyewe. Siku ya tano asubuhi tukakuta karatasi ya zamu imesahihishwa kwa kalamu nyekundu: Dada Povu, nguo, kila siku. Alipouliza habari ya wagonjwa aliambiwa, "Ukimaliza." Nani amewahi kumaliza nguo za watu wanane?

Jioni nilimfuata uani. Alikuwa anakamua shuka, mishipa ya mikono imesimama.

"Wifi, hivi unakubali vipi?"

"Sijakubali."

"Basi sema!"

"Nitasema. Niache nitafute maneno."

Lakini mimi na kungoja hatupikiki chungu kimoja. Siku mbili zile nilikula nikiwa nimenuna, nikashona nikiwa nimenuna, kina mama niliokuwa nawafundisha wakadhani wamenikosea. Siku ya saba, kwenye ibada ya asubuhi, Mwinjilisti akafungua Biblia, akahubiri juu ya Yesu kuwaosha wanafunzi miguu.

Naomba unielewe vizuri. Tulikuwa tumekaa chumba cha mbele, kwenye magodoro. Dirisha lilikuwa wazi. Nje tulisikia nguo ikifikichwa, maji yakimwagwa, ndoo ikiwekwa chini. Na mbele yetu alisimama mtu aliyevaa shati lililofuliwa na mikono ile ile, analia. Analia machozi! "Bwana alijifunga kitambaa kiunoni," anasema. "Ni nani kati yetu anaweza kushuka namna hiyo?" Mkewe anasema amina. Fundi rangi anasema amina.

Nikasimama.

"Samahani, Mwinjilisti. Hilo shati lako limefuliwa na nani?"

Alitabasamu kidogo. "Dada, tuko kwenye neno."

"Na mimi niko kwenye neno hilo hilo. Yesu aliosha. Wewe wiki nzima unaoshwa. Sisi tumekaa humu ndani tunalia machozi ya unyenyekevu, na huyo anayefanya unyenyekevu wenyewe yuko nje kwenye jua, hata kuitwa kwenye ibada hajaitwa!"

"Kila mtu na karama yake," akasema Mama Mwinjilisti.

"Karama ya kufua soksi za dereva imeandikwa kitabu gani?"

Dereva akaikunja miguu yake chini yake pale godoroni. Mwinjilisti alifunga Biblia polepole. "Naona roho ya uasi imeingia humu," akasema. Jina la Povu ni la wifi yangu, lakini siku ile povu lilinitoka mimi. Niliongea mpaka nikakosa pumzi. Niliponyamaza, nesi, ambaye kwa kawaida hana maneno, akaniuliza taratibu:

"Na magauni yako?"

"Magauni gani?"

"Yale ya maua. Matatu. Yako kwenye beseni tangu asubuhi."

Ni kweli. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimeyaweka mwenyewe, kwa mkono wangu, nikajiambia mimi si kama wale, mimi ni wifi yake. Nikatoka nje.

Wifi alikuwa amesimama kando ya beseni, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Alisikia yote. Nilidhani atanishukuru, Mungu anisamehe, nilikuwa hata nimeshaandaa uso wa kupokea shukrani.

"Nani alikutuma?" akaniuliza.

"Wifi, mimi nilikuwa nakutetea."

"Nilikwambia natafuta maneno. Nilishayapata. Leo baada ya chai nilikuwa naongea nao, mimi, kwa kinywa changu. Sasa nikisema nini wataona umenifundisha wewe. Umetoka humo ndani shujaa, mimi nimetoka maskini wa kuhurumiwa. Wale walinifanya mashine. Wewe umenifanya bango la kutembea nalo."

Akainama, akayavua magauni yangu yote matatu majini, akanibebesha. Hakuyakamua. Yalinilowesha mpaka tumboni.

Kisha akajifuta mikono, akaingia ndani, na mimi nikabaki mlangoni nachuruzika. Alisimama katikati ya chumba. Hakupaza sauti.

"Kufua ni kazi yangu, siionei haya. Kufulishwa si kazi yangu. Nilikuja kuwaona wagonjwa, na kuanzia leo naenda kuwaona. Nguo zenu ziko bombani."

Akajitupia mtandio, akaondoka.

Siku tatu zilizofuata nyumba ile ilinuka. Sitanii. Mashati meupe yalivunda kwenye beseni, na ibada zikawa fupi. Wa kwanza kuchutama bombani alikuwa Mkuu, na miaka yake sitini na miwili, akaniuliza sabuni inatiwa kiasi gani. Alizidisha, povu likafika mlangoni. Dereva akafuata, kisha fundi rangi. Mwinjilisti alivaa shati moja siku tatu, halafu siku ya nne likaonekana jingine, safi. Nikadhani ameshuka. Nilipopita uani nikamkuta mkewe ameinama juu ya mashati yake, macho mekundu.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Akaniwahi.

"Unadhani nyumbani nafanya nini?" akasema bila kuniangalia. "Miaka ishirini na moja, mashati saba kwa wiki, na kola lazima isimame. Niliona mtu mwenye mkono mzuri, nikasema jamani, wiki tatu tu na mimi nipumzike."

Nilitaka kumkasirikia na sikuweza vizuri. Nilimshikia ncha ya shuka tukakamua pamoja. Hasira yangu kwa mumewe ikaongezeka maradufu, lakini safari hii niliibeba kimya.

Wifi hakusema nami. Tulilala magodoro yanayogusana na hakunigeukia. Siku ya tatu tangu ugomvi ule, asubuhi, nilimkuta anafunga sabuni na ndoo.

"Nikusindikize?"

Alinisukumia ndoo kwa mguu. "Utabeba ndoo. Na mdomo utauacha hapa."

Tulikwenda nyumba ya matofali isiyopigwa lipu, hatua kama mia tatu kutoka kanisani. Ndani alilala seremala, mtu wa miaka hamsini na kitu. Miezi kumi nyuma alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa analijenga, na tangu hapo miguu haikumtii. Anaishi na binti yake, ambaye anasafisha ofisi za watu tangu alfajiri hadi jioni, kwa hiyo mchana kutwa seremala yuko peke yake na jagi la maji. Harufu ilitupokea mlangoni. Shuka lilikuwa limegandana na mgongo.

Wifi alikaa kwanza. Alikaa muda mrefu, akamsikiliza. Kisha akauliza, "Fundi, utaniruhusu nikufulie mashuka?"

Aliomba ruhusa! Kati yetu sote hakuna aliyewahi kumwomba yeye ruhusa ya kitu chochote.

"Fua, dada," akasema seremala. "Harufu hii hata mimi inanifukuza, ila sina miguu ya kukimbilia."

Tulimgeuza kwa ubavu, wifi akalilowesha shuka kidogo kidogo mpaka likaachia ngozi. Mimi nilipelekwa nyuma ya nyumba na beseni. Nilipotia mikono kwenye maji yale, nikatapika. Wifi alitokeza kichwa dirishani.

"Jikaze kisabuni!"

Na kule ndani nikamsikia seremala anacheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kinakwamakwama. Nikacheka na mimi, huku naosha kinywa. Nikarudisha mikono majini. Nilikuwa nimeokoka miaka kumi na mitano, nimeimba, nimefunga, nimekesha, nimehubiria watu barabarani. Sijawahi kuomba namna nilivyoomba kwenye beseni lile, na sikusema neno hata moja. Nilifikicha tu. Maji yakiwa machafu namwaga, nateka mengine, naanza tena. Magauni yangu ya maua yalinijia akilini. Na uso ule niliouandaa kwa ajili ya shukrani, nao ukanijia. Nilitubu nikiwa nimechutama, magoti yananiuma.

Kesho yake tulirudi na nesi, akavisafisha vidonda. Siku ile seremala alituuliza, "Mkisali pale, mnakaa wapi?"

"Kwenye benchi," nikajibu.

"Ni arobaini na mbili. Zote nilitengeneza mimi. Hakuna msumari unaochana nguo, umeona?"

Nilikuwa nimeona. Mtu wa nguo huona hayo.

"Wanakuja kukutazama?" wifi akauliza.

"Walikuja mwezi ule wa kwanza. Waliniletea ile." Akaonyesha ukutani. Kalenda ya kanisa, yenye picha ya mikono imekunjwa inaomba. "Halafu mzee wa kanisa mmoja alikuja tena, mwezi wa nne hivi. Alitaka vipimo vya benchi. Wanataka kuongeza nyingine."

"Akasemaje kuhusu wewe?"

"Alisema tuko pamoja."

Nilikuwa nimeshasimama. Miguu ilikuwa tayari iko mlangoni, inakwenda kanisani kumtafuta huyo mzee nimkalishe kwenye benchi yake. Vipimo! Mtu anaoza kitandani, umekuja kuomba vipimo! Wifi hakunizuia. Alinitazama tu. Nikarudi nikakaa. Niseme ukweli, kukaa kule kulikuwa kuzito kuliko kufua.

"Fundi," nikasema, "ungependa jambo hili lisemwe? Na kama ndiyo, aseme nani?"

"Aseme huyu." Alimnyooshea wifi kidole. "Na asiniombee huruma. Aseme tu kwamba nipo."

Wifi alimwomba Mwinjilisti nafasi kwenye ibada ya Jumapili ya mwisho. Mwinjilisti akasema ratiba imejaa. Wifi hakubishana. Alikwenda kwa katibu wa kanisa la pale, akaomba dakika mbili wakati wa matangazo, akapewa.

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya tangazo la kikao cha kina baba, wifi alisimama mbele, mikono yake ile ameikunja.

"Naomba tusimame sote," akasema. Wakasimama. "Sasa geukeni mtazame mlipokuwa mmekaa."

Watu mia mbili wakageuka, wakatazama mbao.

"Aliyetengeneza hizo yupo. Yuko hatua mia tatu kutoka mlango huu. Miguu yake haifanyi kazi, masikio yake yanafanya kazi. Mkiimba anawasikia. Mnaweza kukaa."

Akarudi mahali pake. Na watu hawakukaa. Kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kushusha makalio. Mama mmoja mbele akaanza kulia. Ndipo mzee wa kanisa, yule yule wa vipimo, aliposema kwa sauti, "Wageni hawaji kwa watu kuwaanika!" Nikauma ulimi mpaka nikaonja damu.

Mchana ule watu kumi na mmoja walikwenda kwa seremala. Nilihesabu. Kumi na mmoja kati ya mia mbili. Nikitaka kufurahi nafurahi, nikitaka kukasirika nakasirika. Mwinjilisti naye alikuja. Alisimama kizingitini na Biblia yake, hajui pa kuweka miguu. Seremala akamwambia, "Ingia, baba. Shika huku." Akaiweka Biblia dirishani, akashika goti la mgonjwa wakati wifi anatandika shuka safi. Mkono wa shati jeupe ulilowa usaha na maji. Jioni nilimwona bombani, peke yake, anaufikicha mkono ule. Alikuwa anafua vibaya sana. Sikumsaidia.

Ningependa kumalizia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini tulirudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata Mwinjilisti akatoa ripoti mbele ya kanisa letu. "Tuliishi kama familia moja," alisema. "Na Bwana alitufunulia seremala aliyesahauliwa. Tulimhudumia. Mimi mwenyewe nilijifunza kushuka." Watu wakapiga makofi. Tuliishi, tulimhudumia, kila neno linaanza na tu, tu, tu. Jina la dobi halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Nilijishika kiti. Wifi aliinama sikioni kwangu. "Ukisimama, nakuvuta gauni."

"Lakini umesikia?"

"Nimesikia. Hilo nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

Jumanne alikwenda ofisini kwake. Mimi nilimngoja nje karibu saa nzima, nikichimba ukuta kwa ukucha. Alipotoka nilimuuliza, "Amesemaje?"

"Hayo ni yangu na yeye," akasema. Na mpaka leo hajaniambia, na mimi sijauliza tena. Ninachojua ni kwamba siku hizi Mwinjilisti akimwona njiani anawahi kumsalimu, na kwamba kamati imemwomba wifi aongoze huduma ya wagonjwa. Alikubali kwa sharti achague mwenyewe watu wa kwenda nao. Wa kwanza kumchagua alikuwa Mama Mwinjilisti. Mimi alinichagua wa nne, na nilistahili.

Mwezi uliopita binti wa seremala alipiga simu. Vidonda viwili vimefunga, kimoja bado. Watu wanne wa kanisa wanapokezana kumgeuza baba yake mchana. Yule mzee wa vipimo huja kila Jumatano, akasema binti. Analalamika harufu tangu anapoingia hadi anapotoka, lakini anakuja, na anafua mashuka.

Nilimshukuru Mungu, kweli nilimshukuru. Halafu hasira ikanipanda upya: miezi kumi, hatua mia tatu, benchi arobaini na mbili, na ikabidi atoke dobi mwendo wa siku nzima kwa gari ndipo watu wageuze shingo! Nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa na mashuka sita mezani ya kumpelekea, kitambaa laini kisichong'ang'ania ngozi, na mapindo bado manne.